Twiga wa Kolo na Seli ya Kitunguu

Hadubini ya meza ya tatu ilikuwa giza. Kioo chake cha chini, kile kinachopokea mwanga wa dirishani na kuurusha juu kwenye slaidi, kilikuwa kimegeukia sakafuni. Pengine kiwiko cha mtu kilikigusa mwanzoni mwa kipindi, na hakuna aliyekirudisha. Niligundua saa nane mchana, vijana wameshakwenda kula, nilipokuwa nazifunika hadubini moja baada ya nyingine. Niliweka jicho, nikaona weusi mtupu.

Meza ile walikuwa wamekaa wanafunzi kumi na mmoja. Madaftari yao yalikuwa mbele yangu. Nikayafungua. Wote kumi na mmoja walikuwa wamechora seli za ngozi ya kitunguu, safi kabisa: kuta zimenyooka kama zimepigwa rula, kiini kimekaa katikati kama cha yai, majina ya sehemu yamepangwa upande wa kulia na mistari yake haikatizani. Kwa mwongozo wa usahihishaji ningewapa nane juu ya kumi, wengine tisa. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kitu.

Walichora kitabu. Walichora ule mchoro ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuchora ubaoni juma lililotangulia.

Sikuwakasirikia. Nilijikasirikia mimi, maana nilipofungua madaftari ya meza nyingine, zile zilizokuwa na mwanga, nilikuta picha ileile. Kiini katikati. Sasa, ukichukua ngozi nyembamba ya kitunguu ukaidondoshea ayodini, kiini kinageuka hudhurungi na kuonekana vizuri sana, na aghalabu utakikuta kimebanwa pembeni, kimejibandika kwenye ukuta wa seli, kwa sababu katikati pamejaa vakuoli, ule mfuko wenye maji. Kinakaa pembeni kama mtu aliyepata kiti cha mwisho kwenye daladala. Hilo liko wazi kwa yeyote atakayetazama. Darasa zima lilikuwa na macho, na darasa zima lilichora lile lililoambiwa.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Miaka kumi na minne nafundisha biolojia, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba anaambiwa. Tena anaambiwa kila siku, na hata akiambiwa bado inambidi kitu cha kumshika mkono. Kwangu kitu hicho kimekuwa penseli.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nachora. Nilichora pembezoni mwa daftari la hesabu, kwenye majivu jikoni, kwenye mgongo wa kalenda ya ukutani. Mwalimu wangu mmoja wa darasa la tano alinikuta nimemchora kuku badala ya kunakili maneno ya ubaoni, akanichapa mbele ya wenzangu, akasema shule si mahali pa michezo. Sina haja ya kulirefusha hili. Nalitaja kwa sababu wasomaji wengi mtakuwa na kuku wenu, na kwa sababu ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kuelewa kwamba wakati ule nilipokuwa nachora ndipo nilipokuwa najifunza. Nilikuwa nimegundua kwamba goti la kuku linaonekana kama limepinda kinyumenyume. Nilikuwa nataka kujua kwa nini. (Kile tunachokiita goti ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Nilikuja kulijua hilo chuoni.)

Hata neno seli lenyewe lilizaliwa mikononi mwa mchoraji. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alikata kipande chembamba cha gome la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakiweka chini ya hadubini yake, akachora alichokiona: vyumba vidogo vidogo vimepangana. Akaviita kwa neno la Kilatini la chumba kidogo. Neno hilo tunalikaririsha mpaka leo, lakini ile kazi ya saa nyingi ya jicho na mkono iliyolizaa hatuwapi watoto nafasi ya kuifanya.

Basi likizo ya mwezi wa sita, hadubini ile ya giza bado inanikaa kichwani, nilifunga begi dogo: daftari lisilo na mistari, penseli tatu, raba, chupa ya maji. Nikapanda basi la Babati pale Dodoma, nikashuka Kolo.

Kolo ni kijiji kidogo kando ya barabara kuu, mbele kidogo ya Kondoa mjini. Mtu anaweza kukipita akiwa amesinzia. Pale pana ofisi ya mambo ya kale, na ndipo unapoandikisha jina na kupewa mtu wa kukuongoza, kwa sababu milima iliyo mashariki ya barabara ile imebeba michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lenyewe ni kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanayofahamika yanazidi 150. Nilisoma Tanzania hii darasa la kwanza mpaka chuo kikuu, na sikumbuki mwalimu aliyewahi kunitajia jambo hilo kwa zaidi ya sentensi moja.

Njia ya kwenda mapangoni nilipanda bodaboda. Udongo wa Irangi, nchi ya Warangi, ni mwekundu, na makorongo yake yamechimbika mpaka unaona mizizi ya miti ikining'inia hewani. Nchi hii iliwahi kuliwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Wazee wanaukumbuka mwaka ule kama mwaka wa msiba. Leo vichaka vimerudi, miyombo imerudi, na udongo ni uleule. Nilikuwa nautazama udongo huo njia nzima bila kujua kwamba kule juu nitaukuta tena ukutani.

Baada ya bodaboda ni kupanda kwa miguu. Mwamba umechomoza kama paa la baraza, na chini yake pana kivuli. Kiongozi wangu, mzee wa Kirangi mwenye fimbo na koti zito licha ya jua, alinionyesha kwa mkono: hapa. Nitasema ukweli. Dakika tano za kwanza niliona ukuta wenye madoa. Madoa ya maji, madoa ya mikojo ya pimbi, na rangi fulani ya kutu iliyofifia. Nilihisi huzuni ya mtu aliyesafiri mbali akakuta duka limefungwa.

"Kaa kwanza, mwalimu," mzee aliniambia. "Hawajitokezi kwa mtu aliyesimama."

Nikakaa juu ya jiwe. Nikatoa daftari, angalau mikono ipate kazi. Nikaanza kuchora ufa mmoja wa mwamba, kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho. Ufa ule ulinipeleka kwenye mstari mwingine uliofanana nao lakini haukuwa ufa. Ulikuwa umepinda kwa namna ambayo mwamba haupindi. Nikaufuata kwa penseli. Ukawa shingo. Kisha mgongo unaoteremka. Kisha miguu. Twiga alikuwa mbele yangu muda wote ule, na nyuma yake palikuwa na mwingine, na chini yao watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, na mnyama mkubwa mwenye pembe ambaye mzee alisema ni pofu, yule swala mkubwa. Baada ya robo saa ukuta ulikuwa umejaa. Sikuwa nimebadilisha mahali pa kukaa, na jua halikuwa limesogea sana. Kilichobadilika ni kwamba mkono wangu ulikuwa umelazimisha jicho kwenda polepole.

Twiga yule nilimchora mara nne.

Mara ya kwanza nilimaliza haraka, nikaona ni mzuri, nikainua macho kumlinganisha, nikakuta si yeye. Nilikuwa nimechora twiga wangu, yule ninayemchora ubaoni kila mwaka ninapofundisha jinsi viumbe wanavyobadilika kulingana na mazingira: shingo imesimama kama nguzo ya umeme, miguu minne kama ya meza. Nilifanya kosa lilelile la wanafunzi wangu, nikiwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye kitu chenyewe. Mara ya pili nilijitahidi kwenye shingo. Ile ya ukutani haikusimama; ilitoka kifuani ikaenda mbele na juu, na mgongo ulianza kushuka palepale ilipoishia, hauna mahali pa bapa. Mara ya tatu nilifika kwenye miguu nikakwama. Rangi pale imefifia, na ilinibidi nikisie mguu upi umetangulia. Hapo ndipo nilipoligundua jambo lililonishtua: mimi, mwalimu wa biolojia, sikujua twiga anatembeaje. Nilijua idadi ya pingili za shingo yake, saba, sawa na zangu na zako. Nilijua urefu wa ulimi wake. Kumtia penseli mguuni akatembea, sikuweza.

Mwezi wa nane tuliwapeleka wanafunzi hifadhi ya Tarangire. Wengine walikuwa wanatafuta simba. Mimi nilikaa dirishani nikisubiri twiga atembee. Akatembea. Miguu miwili ya upande mmoja inakwenda karibu pamoja, kisha miwili ya upande wa pili, na shingo inafuata mbele na nyuma kama mtu anayepiga kasia. Twiga nilikuwa nimewaona utotoni, nimewaona kwenye noti na kwenye mkia wa ndege. Siku ile ndipo nilipomwona, kwa sababu nilikuwa nimekwenda na swali, na swali lile nilipewa na mtu aliyepaka udongo mwekundu kwenye mwamba wa Kolo, mtu ambaye jina lake halipo popote.

Ndiyo maana nikisikia sanaa inatetewa kwa maneno ya kwamba inaburudisha, au inaleta watalii, au inatunza utamaduni, huwa naona tumeacha jambo lililo la kwanza. Yote hayo ni kweli. Lakini anayechora anafanya uchunguzi. Anakiuliza kitu: unaanzia wapi, unaishia wapi, unashikana na nini, uzito wako umekaa upande gani? Na mstari unamuumbua pale alipobabaisha. Kwa maneno unaweza kusema "twiga ana miguu mirefu" ukapita. Mstari haukubali upite. Lazima uuweke mguu mahali fulani.

Mwanamke aliyeitangaza michoro hii kwa ulimwengu alilijua hilo tangu utotoni. Mary Leakey alizaliwa mwaka 1913, baba yake akiwa mchoraji wa mandhari. Alipokuwa binti mdogo familia ilikaa kusini-magharibi ya Ufaransa, sehemu za Dordogne, na baba akampeleka kuona mapango yenye michoro ya kale. Baba alifariki mwaka 1926. Mary hakudumu shuleni; alichokuwa nacho ni mkono. Alianza kwa kuchora zana za mawe kwa ajili ya wanaakiolojia, na mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyekuja kuwa mumewe, alikutana naye kwa sababu alihitaji mchoraji wa kitabu chake. Watu wengi wanamfahamu kwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, alilolikuta Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, tarehe 17 Julai 1959, na kwa nyayo za kale za Laetoli. Lakini kabla ya yote hayo, mwaka 1951, alikaa miezi Kondoa pamoja na Louis, akihama kutoka pango hadi pango, akibandika karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mistari mmoja mmoja, kisha kuipaka rangi upya kwa vipimo vyake. Alinakili zaidi ya watu na wanyama elfu moja. Baadaye aliandika kwamba mawe na mifupa, hata yawe mengi kiasi gani, hayawezi kutoa habari ambazo michoro ile ilizitoa bure: watu wakiwinda, wakicheza, wakiimba, wakipiga ala.

Nimelifikiria sana hilo. Nina imani yangu, na ni imani tu, kwamba jicho lililozoea kutofautisha ufa na mstari wa rangi kule Kondoa ndilo lililotambua, miaka minane baadaye, kwamba kitu kilichochomoza kwenye mteremko wa Olduvai ni mfupa wala si kokoto.

Siku ya pili nilihama kutoka kwa wanyama nikaenda kwa watu, na hapo nilipotea kabisa.

Wanyama wa Kolo ni wa kuaminika. Tembo ni tembo, pofu ni pofu. Aliyewachora aliwatazama maisha yake yote, maana chakula chake kilikuwa pale. Watu hawako hivyo. Wamenyoshwa. Mwili ni mrefu kama mti wa mtama, kichwa kimefunikwa na nywele au mavazi yaliyotuna, wengine hawana uso kabisa. Miili yao imejazwa mistari myembamba ya kusimama, mingine kama unywele. Nilianza kuwachora nikajikuta mkono wangu unawarekebisha, unawafupisha, unawapa mabega. Nilikuwa nawasahihisha! Ilinibidi nisimame, ninywe maji, nijiulize: hivi mtu anayeweza kuuona mgongo wa twiga kwa uhakika ule, kweli atashindwa kuona mwili wa ndugu yake?

Hakushindwa. Alikuwa anasema jambo jingine.

Kuna mchoro mmoja mashuhuri pale Kolo wa watu watano warefu. Wa katikati, ambaye wengi wanasema ni mwanamke, ameshikwa mikono: wawili upande huu, wawili upande ule. Mary Leakey aliuona kama kisa cha kutekwa. Watu wawili wanamvuta, jamaa zake wanamzuia. Jina hilo la utekaji limeushika mpaka leo. Wengine waliokuja baadaye wameutazama uleule wakaona ngoma ya uponyaji: mtu amezidiwa na nguvu ya ngoma, anaelea, na wenzake wamemshika asianguke. Nilikaa mbele yake karibu asubuhi nzima. Nilichora mikono ile mara nyingi, nikitafuta kama inavuta au inategemeza. Nilipochora nikiwa na wazo la kuvuta, mistari ilikaza. Nilipochora nikiwa na wazo la kutegemeza, mistari ilelile ililegea. Penseli iliniambia kitu kuhusu mimi kwanza.

Ila kwa moyo wangu niko upande wa ngoma, na sababu yangu haiko mbali. Magharibi ya pale, sehemu za Kwa Mtoro na Farkwa, wanaishi Wasandawe, watu ambao lugha yao ina sauti za vidoko na ambao mababu zao walikuwa wawindaji na waokotaji wa asali na mizizi katika nchi hii kabla ya Warangi, kabla ya Wagogo, kabla ya sisi sote wenye majembe na ng'ombe. Wataalamu wengi wanaihusisha michoro myekundu na watu wa ukoo wao. Wasandawe wana ngoma iitwayo simbo, ambamo mchezaji anaingia katika hali nyingine, anakuwa kama simba ili kuwakabili wachawi. Mwanaanthropolojia Eric ten Raa, aliyeishi nao, aliandika mwaka 1971 kwamba kuchora miambani kulikuwa bado kunakumbukwa kwao, hakujawa hadithi ya kale. Kwa mtu aliyewahi kuona mgonjwa akishikwa mikono kwenye ngoma usiku, mwili unavyolegea na kuonekana mrefu kuliko ulivyo, wale watu walionyoshwa si wageni.

Kwa hiyo mchoraji yuleyule, au watu wa jamii ileile, walikuwa na elimu mbili na hawakuzichanganya. Twiga walimchora kama jicho linavyomkuta. Mtu walimchora kama anavyojisikia kutoka ndani. Sisi walimu wa sayansi tuna mazoea mabaya ya kuiita ya kwanza maarifa na ya pili imani. Pale mwambani zimekaa bega kwa bega, kwa rangi moja, ile ya udongo wa njiani. Ngeu, yaani udongo huo mwekundu wa kupakia, ni chuma kilichopata kutu ndani ya ardhi, na kutu haina haraka ya kufutika. Kule Kisese, pango jingine la milima hiyohiyo lenye michoro, wachimbaji wa miaka ya 1950 walifukua shanga za gamba la yai la mbuni, na vipimo vya siku hizi vinaonyesha kwamba za chini kabisa zina zaidi ya miaka 40,000. Sisemi michoro ina umri huo. Nasema watu waliokaa kwenye kivuli kile, wakitoboa ganda la yai kwa subira ili lipite uzi, ni wa kale mno kuliko tunavyozoea kufikiri tukisikia neno historia.

Juu ya wekundu, mahali pengi, pana weupe. Michoro myeupe ni ya baadaye, mizito, imepakwa kwa kidole: maumbo, miduara, wanyama wasio na haraka. Wataalamu wanaihusisha na wakulima waliokuja nyuma. Wageni wengi hawaipendi, wanaiona imechafua ile ya kwanza. Mimi pia niliiona hivyo siku ya kwanza. Siku ya tatu niliona kwamba waliokuja baadaye wangeweza kuchagua mwamba wowote, na mwamba umejaa nchi ile, wakachagua uleule. Walikuta mahali panapozungumza, wakaongeza sauti yao.

Na mazungumzo hayajaisha. Pango kubwa liitwalo Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa ibada. Mvua zikichelewa, wazee wa Kirangi hupanda na mnyama wa sadaka na pombe ya mtama. Mzee wangu aliniambia hayo bila kushusha sauti na bila kuipandisha, kama mtu anayekuambia kisima kiko wapi. Kuna mvutano hapo, tangu zamani: wahifadhi hawataki pombe irushwe ukutani kwa sababu inadhuru rangi, na wazee wanauliza ni nani aliyeulinda ukuta huo miaka yote kabla ya ofisi kujengwa. Nimewaza sana pande zote mbili. Rangi ikifutika haitarudi, hilo mimi kama mwalimu wa sayansi siwezi kulipuuza. Lakini pia naona kwamba mchoro uliowekewa kamba na kibao, ambao hakuna anayekwenda kwake akiwa na shida, unakuwa kama barua isiyo na wa kuipokea.

Lililoniumiza Mungumi si pombe. Ni shimo. Sakafu ya pale imechimbwa, shimo refu la kutosha mtu kuingia, na aliyelichimba hakuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Mwaka 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipigana Kondoa, na tangu hapo umebaki uvumi kwamba Wajerumani waliokuwa wanakimbia walizika dhahabu na kuacha alama kwenye miamba ili waje kuzikumbuka. Alama zenyewe, kwa wachimbaji hao, ndiyo michoro. Twiga anaonyesha upande. Mtu mrefu anaonyesha kina.

Nilisimama ukingoni mwa shimo lile muda mrefu. Watu walipanda mlima usiku na sururu, wakawasha tochi, wakamulika kazi ya mikono ya wazee wa nchi hii, wakaiona kama mshale unaoelekeza kwenye kitu cha mtu mwingine. Hawakuwa wajinga kuliko mimi. Ni meza ya tatu ileile: waliambiwa kabla ya kutazama.

Nilirudi Dodoma na kurasa thelathini na moja zilizochorwa. Nyingi mbaya. Muhula ulipofunguliwa niliomba ruhusa ya vipindi viwili vya ziada vya vitendo, nikabadilisha jambo moja tu: sikuchora ubaoni. Hakuna kitabu mezani. Niligeuza vioo vyote vya hadubini dirishani kwa mkono wangu, nikawaambia wachore kwa dakika arobaini bila kuandika jina la sehemu hata moja.

Kwanza walikasirika. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa tutajuaje kama tumepatia?" Nusu saa ya kwanza ilikuwa ngumu, raba zinafanya kazi kuliko penseli. Kisha pakaingia utulivu ambao nimeusikia darasani mara chache sana, utulivu wa watu wanaohesabu kitu kidogo. Kijana mmoja alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "Mbona viko pembeni?" Jirani yake akahamia kwenye hadubini yake kuhakikisha. Na yeye akaviona pembeni.

Kwenye meza ya mwisho alikaa binti ambaye hujibu maswali mara chache. Alikuwa amechora seli saba, si nzuri sana, kuta zinayumba kama kuta zenyewe zinavyoyumba. Katikati ya karatasi aliacha nafasi tupu. Alinyosha mkono, nikaenda. Akanionyesha kwenye hadubini duara jeusi la ukingo mnene, linalong'aa katikati: kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo. Kila kitabu kinasema visichorwe, na mwongozo wa mtihani unakata alama.

"Mwalimu, na hiki nikichore?"

"Kipo?"

Akainama tena, akatazama kwa muda.

"Kipo."

"Kichore."

Akachukua penseli.